Kaya Zinapopigiwa Simu Wakati wa Janga

Agosti 2014 wadadisi wa taasisi ya takwimu ya Liberia walikuwa katikati ya utafiti mkubwa wa mapato na matumizi ya kaya pale Ebola ilipowalazimisha kurudi ofisini. Ugonjwa unaoambukiza kwa kugusana haumruhusu mtu kubisha hodi nyumba hadi nyumba na dodoso mkononi. Kazi ilisimama kabla ya kukamilika. Hata hivyo, madodoso yaliyokwisha kujazwa yalibeba kitu ambacho baada ya miezi miwili kiligeuka kuwa hazina: namba za simu za wahojiwa.

Mwezi Oktoba namba zile zikaanza kupigwa, kwa ushirikiano wa taasisi hiyo, Benki ya Dunia na kampuni ya Gallup. Kufikia Novemba picha ilikuwa imejitokeza. Karibu nusu ya watu waliokuwa na kazi wakati janga lilipoanza hawakuwa na kazi tena, na walioumia zaidi walikuwa wale wa biashara ndogondogo, ambao wengi wao ni wanawake. Katika nchi jirani ya Sierra Leone bahati ilikuwa nzuri zaidi. Utafiti wa nguvu kazi ulikuwa umefanyika Julai na Agosti mwaka huohuo katika kaya 4,199, na kama theluthi mbili ya kaya hizo zilikuwa zimeacha namba. Novemba nazo zikaanza kupigiwa.

Miaka sita baadaye, virusi vya korona vilipofunga mipaka, masoko na shule, njia hiyo iliyotumika kwa dharura ikawa njia kuu ya dunia kujua hali za watu majumbani. Benki ya Dunia peke yake ilisaidia tafiti za simu katika nchi zaidi ya 80. Leo zinatumika kufuatilia ukame, vita na mfumuko wa bei. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: majibu yanayokuja kwa simu, mwezi baada ya mwezi, yanaaminika kiasi gani, na yanamsaidia nani?

Faida ya kurudia

Utafiti mmoja wa nyumba kwa nyumba hupima hali ya siku ile. Tafiti kubwa za mapato na matumizi hufanyika kila baada ya miaka kadhaa, na kuchakata matokeo yake huchukua miezi mingi. Kwa kupanga sera za miaka mitano, zinafaa sana. Kwa mama lishe aliyefungiwa soko Jumatatu na kuishiwa mtaji Ijumaa, zinachelewa mno.

Nguvu ya utafiti wa simu iko katika kuwarudia watu walewale. Ukiihoji kaya moja mwezi Aprili, ukaihoji tena Juni na Agosti, unajua kama ni ileile iliyopoteza kazi ndiyo iliyoipata tena, au kama wengine wamepanda huku yenyewe ikibaki chini. Ukihoji watu tofauti kila duru, wastani unaweza kubaki palepale huku nusu ya kaya zikizama na nusu zikielea.

Nigeria inaonyesha jambo hilo vizuri. Kati ya Aprili na Mei 2020 ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilizihoji kwa simu kaya 1,950. Asilimia 42 ya waliokuwa wakifanya kazi kabla ya janga walisema wameacha kwa sababu zinazohusiana na korona. Utafiti ungeishia hapo, dunia ingebaki na habari ya maangamizi ya ajira. Duru zilizofuata zilileta habari nyingine: kufikia Agosti idadi ya wanaofanya kazi ilikuwa imekaribia kiwango cha awali. Ila duru hizohizo zilionyesha kwamba kurudi kazini hakukuwa sawa na kurudi kwa kipato, na kwamba kaya nyingi ziliendelea kuhangaika na chakula. Mtu masikini hawezi kukaa bila kazi kwa muda mrefu. Atarudi kubangaiza hata kwa nusu ya alichokuwa akipata. Takwimu ya ajira pekee ingeficha jambo hilo, na takwimu ya duru moja ingepotosha kabisa.

Picha pana zaidi ilitolewa mwaka 2021 na watafiti Anna Josephson, Talip Kilic na Jeffrey Michler katika jarida la Nature Human Behaviour. Waliunganisha majibu ya kaya zipatazo 9,000 za Ethiopia, Malawi, Nigeria na Uganda. Walikadiria kwamba watu milioni 256, yaani asilimia 77 ya wakazi wa nchi hizo nne, waliishi katika kaya zilizopoteza sehemu ya mapato. Katika kaya zenye watoto wa umri wa shule, mawasiliano kati ya wanafunzi na walimu yalishuka kutoka asilimia 96 hadi 17. Kwa Uganda, ambako shule zilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, takwimu hiyo ilikuwa onyo la mapema kuhusu pengo la elimu ambalo walimu wangelikuta darasani.

Nini huulizwa, na kwa dakika ngapi

Simu ya utafiti haina nafasi ya maswali mia mbili. Mahojiano ya ana kwa ana kuhusu matumizi ya kaya huweza kuchukua saa kadhaa, mdadisi akipitia unga, mafuta ya taa, ada, nauli na vocha kimoja kimoja. Kwa simu, dakika 15 hadi 20 ndizo zinazovumilika. Hivyo watafiti hutumia vipimo vifupi.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, huuliza katika siku 7 zilizopita kaya imekula kwa siku ngapi nafaka, kunde, mboga, matunda, nyama au samaki, maziwa, mafuta na sukari. Kisha huuliza kaya imefanya nini chakula kilipopungua: ilinunua chakula cha bei nafuu zaidi, ilikopa au kuomba, ilipunguza kiasi cha mlo, ilipunguza idadi ya milo, au watu wazima walijinyima ili watoto wale. Kila jibu lina uzito wake. Kununua chakula duni huhesabiwa 1 kwa kila siku, kukopa huhesabiwa 2, na mzazi kujinyima kwa ajili ya mtoto huhesabiwa 3. Mtu yeyote aliyekulia katika nyumba yenye shida anajua kwamba mpangilio huo hauko mbali na ukweli: mama husema ameshiba muda mrefu kabla ya sufuria kubaki tupu.

WFP ilianza kufuatilia njaa kwa simu mwaka 2013, na moja ya sehemu za kwanza ilikuwa kambi ya wakimbizi wa ndani ya Mugunga III, karibu na Goma, mashariki mwa Kongo. Sehemu nyingine ilikuwa Galkayo, katikati mwa Somalia. Mugunga iligawiwa simu, kisha kaya zikapigiwa mara kwa mara kuulizwa zimekula nini na bei za sokoni zikoje. Jaribio hilo lilithibitisha kwamba hata watu waliokimbia makwao, wasio na ardhi wala kazi ya kudumu, wanaweza kufuatiliwa kwa simu miezi kadhaa mfululizo.

Tanzania ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Mwishoni mwa 2012 taasisi ya Twaweza ilizitembelea kaya 2,000 za Tanzania Bara, ikahoji mtu mmoja katika kila kaya, na kumwachia simu pamoja na chaja ya nguvu ya jua. Mwaka 2013 simu zikaanza kulia. Utafiti huo, Sauti za Wananchi, ulikuwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika kuwakilisha nchi kwa simu za mkononi, na baadaye ulienea hadi Kenya na Uganda. Uzoefu wake uliingia katika mwongozo uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016, ambao mmoja wa waandishi wake ni Elvis Mushi, aliyekuwa akisimamia Sauti za Wananchi.

Chaja ile ya jua inastahili kukumbukwa. Kumpa mtu simu katika kijiji kisicho na umeme, bila kumpa namna ya kuichaji, ni kumtupa nje ya utafiti ndani ya wiki moja.

Wasiopokea simu

Udhaifu mkubwa wa njia hii unafahamika tangu mwaka 1936. Jarida la Marekani la Literary Digest lilituma karatasi za maoni milioni 10 kuhusu uchaguzi wa urais na kupokea majibu zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa kishindo na kumwachia Landon majimbo mawili tu. Orodha za jarida hilo zilitokana kwa sehemu kubwa na vitabu vya namba za simu na usajili wa magari, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati masikini hawakuwa na simu wala gari. Wingi wa majibu haukuweza kuponya ubovu wa orodha.

Afrika ya leo ina simu nyingi kuliko Marekani ya 1936, lakini pengo halijazibika. Nchini Ethiopia simu zimeenea mijini, ilhali vijijini zaidi ya nusu ya kaya zilizokuwa katika utafiti wa msingi wa ana kwa ana hazikuwa na simu janga la korona lilipofika. Kaya isiyo na simu si kaya ya kawaida iliyokosa kifaa kimoja. Mara nyingi ni masikini zaidi, iko mbali zaidi na barabara, na mkuu wake ni mjane au mzee.

Hapa ndipo utafiti wa msingi unapoonyesha thamani yake. Ikiwa wadadisi waliwahi kuitembelea kila kaya, yenye simu na isiyo na simu, watakwimu wanajua ni nani aliyekosekana kwenye simu. Wanajua paa la nyumba yake, ukubwa wa shamba lake, elimu ya wanakaya. Kwa hiyo wanaweza kuwapa uzito zaidi wale waliopatikana ambao wanafanana na waliokosekana. Ethiopia, Nigeria, Malawi na Uganda zilifanya hivyo kwa sababu kila moja ilikuwa na utafiti wa kitaifa wa ana kwa ana wa miaka ya karibuni wenye namba za simu. Nchi isiyo na msingi huo hubaki kupiga namba za kubahatisha, na haina njia ya kujua kwa uhakika nani hakupokea.

Hata kwa msingi mzuri, marekebisho ya uzito hayafiki kila mahali. Joshua Brubaker, Talip Kilic na Philip Wollburg walichunguza mwaka 2021 nani hasa huzungumza kwenye simu hizo katika nchi za Afrika. Wakakuta kwamba wengi ni wakuu wa kaya au wenza wao, wenye umri mkubwa zaidi, elimu zaidi na biashara zao wenyewe, tofauti na watu wazima wengine wa nyumba ileile. Kuhusu mlo wa kaya au paa la nyumba, mkuu wa kaya anaweza kujibu kwa niaba ya wote. Kuhusu ajira ya binti wa miaka 20 au msongo wa mawazo wa mkwe, hawezi. Takwimu za ajira za vijana na wanawake zilizotokana na simu hizo zinapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo.

Uchovu na hofu ndani ya simu

Mhojiwa aliyepatikana naye ana mipaka yake. Nchini Ethiopia, watafiti Kibrom Abay, Guush Berhane, John Hoddinott na Kibrom Tafere waliwahoji kwa simu akina mama wa vijijini, wakabadilisha kwa makusudi mahali pa maswali ya chakula ndani ya dodoso. Swali la chakula lilipocheleweshwa kwa dakika 15, aina za vyakula zilizotajwa zilipungua kwa asilimia 8 hadi 17. Akina mama hao hawakuwa wamekula vibaya zaidi. Walikuwa wamechoka. Kwa hiyo dodoso refu linaweza kutangaza njaa ambayo haipo, na serikali au shirika likagawa msaada kwa kufuata kosa la mpangilio wa maswali.

Kuna pia suala la nani amekaa karibu. Mdadisi aliye nyumbani kwa mtu anaona kama mume ameketi pembeni. Mdadisi wa simu haoni. Ndiyo maana maswali kuhusu ukatili wa kijinsia ni hatari kuulizwa kwa simu, na wataalamu wengi hushauri yaachwe kabisa, au yaulizwe tu pale mhojiwa anapoweza kujibu "ndiyo" au "hapana" bila aliye karibu kujua anajibu nini. Kufungwa kwa shughuli mwaka 2020 kuliwafanya watafiti wengi watamani kupima ukatili majumbani wakati ambapo wanawake hawakuwa na faragha.

Na imani? Katika nchi ambako kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii", mtu anayepiga kutoka namba ngeni akiuliza umeuza mazao kiasi gani hana sababu ya kuaminiwa. Anayeweza kusema "tulikutembelea nyumbani kwako mwaka juzi" anaanza na heshima. Kumtumia mhojiwa muda wa maongezi baada ya kila duru humlipa gharama zake na kumwonyesha kwamba muda wake una thamani.

Panapokatika mtandao

Vita huweka ukomo usioweza kurekebishwa kwa hesabu. Novemba 2020 mapigano yalipoanza Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, mawasiliano ya jimbo hilo yalikatwa, na kaya za huko zikatoweka katika duru zilizofuata za utafiti wa simu. Takwimu za "Ethiopia" za miezi hiyo ni takwimu za Ethiopia isiyo na Tigray, yaani bila sehemu iliyokuwa na shida kubwa kuliko zote.

Sudan imepitia hali hiyo kwa upana zaidi. Kati ya Novemba 2023 na Januari 2024 shirika la utafiti wa sera za chakula la IFPRI na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, UNDP, walizihoji kwa simu kaya za vijijini zaidi ya 4,500, kazi ambayo kwa miguu isingewezekana katikati ya vita. Wiki chache baadaye, Februari 2024, mawasiliano yalikatika karibu nchi nzima. Kila anayesoma matokeo ya namna hii anapaswa kuuliza kwanza ramani ya minara ya simu, kisha asilimia.

Kwa wakimbizi mambo yanaweza kwenda vizuri zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, kuanzia Mei 2020, Shirika la Kitaifa la Takwimu, Benki ya Dunia, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizihoji kwa simu kaya za Wakenya pamoja na za wakimbizi wa Kakuma, Kalobeyei, Dadaab na wale wa mijini, kwa maswali yanayolingana. Kwa hilo, hali ya mkimbizi iliweza kulinganishwa na ya mwenyeji wake katika miezi ileile. Kenya ilitoa pia mfano wa simu kupima kama msaada unafanya kazi. Mwaka 2020 watafiti, Abhijit Banerjee akiwa mmoja wao, walipiga simu katika vijiji vya Siaya na Bomet vilivyokuwa kwenye mpango wa kupewa fedha bila masharti. Katika vijiji visivyopewa, asilimia 68 walisema wamepata njaa katika siku 30 zilizopita. Kwa waliopewa, kiwango hicho kilikuwa chini kwa pointi za asilimia 5 hadi 11. Nafuu hiyo ni ya kiasi, lakini ilijulikana janga likiwa bado linaendelea.

Majibu ni ya nani

Utafiti unaoweza kumsikiliza mwananchi kila mwezi unaweza pia kumkera mtawala kila mwezi. Julai 2018 Twaweza ilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Watanzania walioridhishwa na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliiandikia taasisi hiyo barua ya kutaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti, na pasipoti ya mkurugenzi wake, Aidan Eyakuze, ikazuiliwa. Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilirekebishwa kuzuia kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali, na Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake hadharani. Mwaka 2019 sheria hiyo ililegezwa. Mwanzoni mwa 2021 Ofisi ya Taifa ya Takwimu na ile ya Zanzibar zilianza zenyewe utafiti wa simu wa kufuatilia ustawi wa kaya.

Mfululizo wa matukio kama huo unaweza kutikisa tafiti zote za simu, za siasa na za chakula. Mwananchi anayesikia kwamba mtafiti ameitwa kujieleza atapima upya kila neno atakaloulizwa kwa simu, hata swali la idadi ya milo. Uhuru wa kuchapisha ni sehemu ya ubora wa takwimu sawa na ukubwa wa sampuli.

Ukipima yote haya, tafiti za simu zinazorudiwa zimethibitisha thamani yake kwa jambo moja mahsusi: kuonyesha hali inaelekea wapi, na inaelekea huko kwa kaya zipi. Hazifai kupima kiwango kamili cha umasikini, wala kuzungumza kwa niaba ya wasio na simu bila msingi wa ana kwa ana. Serikali na wafadhili wanaozitumia kama mbadala wa bei nafuu wa tafiti za nyumba kwa nyumba wanakata tawi walilokalia.

Kwa hiyo kazi ya kweli iko katika miaka ya utulivu. Kila utafiti mkubwa wa kaya unaofanyika sasa Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo uchukue namba za simu kwa ridhaa ya wenyewe, zaidi ya moja kwa kila kaya, pamoja na ya jirani au ndugu kwa wasio na simu. Namba hizo zitunzwe kwa siri ya kisheria na kusasishwa kila mwaka. Bajeti ya kugawa simu na chaja kwa kaya zisizo nazo itengwe mapema. Na matokeo yarudi kwa waliojibu, kwa Kiswahili na lugha zao nyingine, kupitia redio na mikutano ya vijiji, kwa sababu ni wao waliotoa dakika zao wakati hawakuwa na uhakika wa mlo wa jioni. Liberia ilikuwa na namba hizo kwa bahati, kwa kuwa wadadisi walikuwa tayari barabarani. Ofisi za takwimu za ukanda huu zina nafasi ya kuwa nazo kwa mpango, na zianze na utafiti ujao wa kaya.